Dawa Kabla ya Kisu: Tarikhi ya Maradhi ya Umio katika Nyanza ya Kusini

Maradhi ya umio hayamwingii mtu kwa kishindo kama homa ya malaria, humnyemelea mezani. Mtu wa Kendu Bay au wa Muhuru, aliyezoea tangu utotoni kula ugali kwa samaki, huona siku moja tonge limesita kifuani, akalisukuma kwa funda la maji, likapita, naye akasahau. Baada ya wiki chache husita tonge la pili, kisha la tatu, hata kikombe cha maji kikawa hakiondoki kando ya sahani yake. Huacha nyama, akaacha ugali, akahamia kwenye viazi vya kupondwa, kutoka hapo kwenye uji, kutoka uji kwenye chai, na mwisho wa yote hata mate yake mwenyewe hayamezi, huyatema katika kopo analolificha chini ya kitanda kwa haya. Safari hiyo ya kutoka tonge hadi mate aghalabu huwa ya miezi michache tu, na kwa kuwa mwanzo wake hauna maumivu makali, mgonjwa huwa ameshaimaliza nusu yake kabla hajamwambia mtu.

Wajaluo wa mwambao huo walikuwa na jina la kukonda kwa namna hii kabla hospitali haijawa na lake: chira. Chira humpata, kwa mujibu wa wazee, yule aliyevunja utaratibu wa ukoo, kama vile mdogo aliyetangulia kupanda mbegu kabla ya mkubwa wake, au mtu aliyepuuza mwiko wa matanga. Naye hukonda, hukauka, hushindwa na chakula, mpaka apatikane mjuzi wa kumchanganyia manyasi, ambayo ni maji ya mitishamba ya kurudisha mambo mahali pake. Siandiki haya kwa kebehi, kwani mtu asiye na taa ya kuangaza ndani ya kifua cha mwenziwe ana haki ya kutafuta sababu nje yake, na matabibu wa Ulaya walifanya vivyo hivyo kwa karne nyingi. Ninalolitaja ni jambo dogo lenye huzuni yake: manyasi ni dawa ya kunywa, na mgonjwa huyu, wakati ndugu zake wanapokubaliana kumtafuta mjuzi, ndiyo kwanza ameanza kushindwa kunywa.

Ardhi tunayoizungumza imekuwa kaunti mbili, Homa Bay na Migori, tangu mwaka 2013. Lakini katika madaftari ya serikali ya Kiingereza ilikuwa moja pamoja na Kisii, chini ya jina la South Kavirondo, na boma lake la kwanza lilisimamishwa Karungu, ukingoni mwa ziwa, mwaka 1903, kabla ya kuhamishiwa Kisii mwaka 1907. Reli ilikwisha kufika ziwani mwaka 1901, na meli zilizotoka Kisumu zikawa zinatia nanga katika ghuba ndogondogo za kusini, zikishusha chumvi, nguo na mafuta ya taa, zikipakia ngozi na nafaka. Kendu Bay ikapata maduka ya Wahindi na msikiti, na Kiswahili kikapata masikio bandarini humo kabla ya kupanda vilimani. Mwaka 1906 Waadventista walijenga misheni yao Gendia, karibu na hapo, wakiongozwa na Arthur Carscallen wa Kanada na mwenzake Mwafrika, Peter Nyambo, aliyetoka pande za ziwa Nyasa; na katika miaka ya 1920 misheni hiyo ikawa na hospitali.

Hospitali za zama hizo zilijizolea sifa kwa sindano. Buba ilikuwa imewala watu nyuso na nyayo, na dawa za jamii ya aseniki na bismuthi, ambazo serikali na misheni zilizieneza kotekote Afrika ya Mashariki katika miaka hiyo, zilikausha vidonda kwa muda mfupi hata watu wakatembea siku mbili kuifuata sindano. Jambo hili lina uzito katika hadithi yetu kuliko linavyoonekana. Asili ya dawa hizo za aseniki ilikuwa kazi ya Paul Ehrlich, Mjerumani aliyeota dawa iendayo moja kwa moja kwa adui mwilini bila kumjeruhi mwenye mwili, mfano wa risasi ya kichawi isiyokosa shabaha. Naye mwaka 1909, pamoja na msaidizi wake Mjapani, Sahachiro Hata, akaipata dawa ya kwanza iliyolikaribia umbo la ndoto hiyo. Kwa hiyo watu wa mwambao wa Nyanza walikwisha kuonja fikira ya dawa yenye shabaha karne moja iliyopita, ingawa hawakuambiwa jina lake.

Kwa maradhi ya umio, hata hivyo, hapakuwa na sindano. Palikuwa na kisu, na kisu chenyewe kilikuwa mbali. Huko Vienna, tarehe 29 Januari 1881, Theodor Billroth alikata sehemu ya tumbo la mwanamke mwenye saratani, akaunga iliyobaki na utumbo, na mwanamke yule akaamka, akala, akaishi kama miezi minne. Umio ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu umejificha nyuma ya moyo baina ya mapafu mawili, na kuufikia ni kufungua kifua cha mtu aliye hai. Mwaka 1913, katika mji wa New York, Franz Torek aliuondoa umio wa mama wa miaka 67, na kwa kuwa hakuwa na njia ya kuunga kilichobaki, alimpa mpira wa nje uliotoka tundu la shingoni hadi tundu la tumboni. Mama akala kwa mpira huo zaidi ya miaka kumi. Ndipo mwaka 1946 Ivor Lewis, mpasuaji wa London, alipoeleza namna ya kuukata umio na kulivuta tumbo lipande kifuani kuchukua nafasi yake, na njia yake hutumika hata leo. Lakini kazi ya namna hiyo haitaki kisu peke yake: yataka mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi kwa mpira wa pumzi, yataka damu ya akiba, oksijeni isiyokatika, na wauguzi wa kukesha siku kadhaa. Katika Nyanza ya Kusini ya wakati ule, mgonjwa aliyebahatika alitobolewa tumbo, akawekwa mrija, na mkewe akafundishwa kummiminia uji kwa faneli, ladha ikiwa imempa mkono wa buriani.

Hapa inanibidi nivuke mpaka kwenda Uganda, maana fikira ya kuitanguliza dawa mbele ya kisu katika saratani haikutujia kutoka Ulaya tu. Tawi lake moja lilichipuka kando ya ziwa hilihili. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, tabibu Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kwa namna ambayo hakuna kitabu kilichoieleza. Wiki chache baadaye Burkitt akamwona mwingine wa mfano huo huko Jinja. Alikuwa mtu wa Ireland ya Kaskazini, mwenye jicho moja tu lenye kuona, na mwenye tabia ya kuuliza swali dogo mara elfu. Alituma barua na picha kwa hospitali za bara zima, na mwishoni mwa mwaka 1961, pamoja na matabibu wawili wa misheni, Edward Williams na Clifford Nelson, akaondoka Kampala kwa gari la Ford lililokwisha kutumika, walilolinunua kwa pauni 250, wakasafiri wiki kumi na maili 10,000 kuelekea kusini, wakiuliza hospitali hata hospitali: uvimbe huu mnao au hamnao? Jawabu lilikuwa la ajabu. Uvimbe ulifuata joto na mvua. Karibu na Ikweta haukuonekana katika nchi zilizozidi kama futi 5,000, ilhali nchi za tambarare zilizouzunguka mwambao wa ziwa, ambalo kimo chake ni kama mita 1,134, zilikuwa ndani kabisa ya ukanda wake. Na Nyanza ya Kusini imo humo.

Burkitt alikuwa mpasuaji, na la kwanza alilojaribu lilikuwa kukata. Alikiri kwamba halikufaa: ukilikata taya la mtoto, uvimbe hurudi, au huibuka tumboni, na mtoto umekwisha kumharibu uso. Basi akakiweka kisu chini. Kwa dawa alizopewa na wenzake wa Marekani, methotreksati kwanza, kisha siklofosfamidi na nyinginezo, akaanza miaka ya mwanzo ya 1960 kuwadunga watoto hao, na aliyoyaona yaliwashangaza waliokuwa na maabara kubwa kuliko yake: uvimbe wa ukubwa wa chungwa ulikuwa ukinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto, kwa dozi ambazo leo tungeziita kidogo, wakapona wasirudiwe tena. Nairobi nako Peter Clifford alifanya kazi ya mfano huo. Nami naona kwamba tendo la Burkitt la kukiweka kisu chini lina thamani kuliko hata ramani yake, ingawa ni ramani iliyompa umaarufu. Maana ni nadra bingwa kukiri kwamba ufundi aliousomea nusu ya umri wake haufai mahali hapa.

Mazoea yale ya kuuliza hospitali ndogondogo ndiyo yaliyokuja kuuleta umio katika mwanga. Katika vipande vya nyama vilivyofika maabara ya Nairobi kabla ya Vita Kuu ya Pili, ambavyo F. W. Vint alivikusanya na kuandika habari zake mwaka 1935, saratani ya umio ilikuwa haba, na waliomfuata walisema kwamba maradhi hayo ni mapya. Mimi nasita kidogo. Uvimbe wa mguu au wa titi huonekana na kukatwa kipande. Uvimbe ulio nyuma ya moyo ungekatwaje kipande katika zahanati isiyo hata na picha ya eksirei? Kutoonekana kitabuni si kutokuwako mwilini. Lakini hata nikiutia shaka uhaba ule, siwezi kuutia shaka wingi uliofuata. Mwaka 1969 N. Ahmed na Paula Cook walichapisha utafiti wao juu ya saratani ya umio katika Kenya ya Magharibi, na mwaka 1971 Cook akaandika mwingine juu ya Afrika nzima, akionyesha jinsi maradhi haya yanavyokuwa mengi mahali na kutoweka mahali pengine pasipokuwa mbali, akatoa rai kwamba huenda yakawa na uhusiano na pombe zinazopikwa kwa mahindi. Mwaka ule wa 1969 ndio Kisumu ilipofunguliwa hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo wenyeji huiita Russia hadi leo. Na siku ya kufunguliwa kwake, tarehe 25 Oktoba, tarikhi huikumbuka kwa risasi zilizowaua raia kuliko kwa dawa.

Pombe ya mahindi iliyotajwa na Cook ni busaa, nayo ina ufundi wake. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa hata ukachachuka na kutoa harufu kali. Kisha huwashwa moto chini ya bati pana, aghalabu pipa lililopasuliwa na kunyooshwa, na unga ule ukakaangwa juu yake kwa kugeuzwageuzwa na koleo mpaka ukawa rangi ya kahawia na moshi wake ukawatoa machozi wapishi. Hapo hutiwa katika mtungi pamoja na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa uchemke wenyewe siku moja au mbili, ukachujwa, ukanywewa ungali vuguvugu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wimbi na mtama; mahindi yaliingia pamoja na serikali, na pipa la bati likaingia pamoja na mafuta. Kutoka kwenye busaa ilizaliwa chang'aa, inayokenekwa, na viwanda vya miwa vilipoenea pande za Awendo na Ndhiwa, sukari guru ikawa kuni za moto huo. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku chang'aa kabisa, na sheria ya mwaka 2010 ikaifuta ile ya 1980, lakini katika miaka hiyo thelathini sidhani kama chungu kimoja kilipoa kwa ajili ya maandishi ya Nairobi. Fauka ya hayo, tangu miaka ya 1970 wakulima wa Migori, hasa Kuria na Uriri, waliingia mikataba ya kulima tumbaku, hata nyumba za kukaushia majani zikawa sehemu ya sura ya nchi.

Haifai, lakini, kumtazama kila mgonjwa wa umio kama mlevi anayelipa deni. Wamo mama wa kanisa wasioonja pombe maisha yao yote, na vijana wasiotimiza miaka thelathini. Watafiti wa Eldoret, akiwamo Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi, wakishirikiana na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, walichapisha mwaka 2019 kwamba pombe za kienyeji zina sehemu yake, na chai ya moto nayo ina sehemu yake. Na shirika lilo hilo lilikuwa limetamka mwaka 2016 kwamba kinywaji kinachozidi nyuzi 65 za joto yamkini huleta saratani ya umio. Mtu anayepuliza kikombe mara moja na kukibugia kikiwa bado kinafuka moshi, kama tufanyavyo wengi wetu alfajiri, hadhani kwamba anaunguza kitu. Ulimi hulalamika, bali umio hauna desturi ya kulalamika.

Mgonjwa wa Migori aliyetaka msaada wa kweli katika miongo ya karibuni alipanda gari kwenda Kisii, akaendelea hadi Bomet, kwenye hospitali ya Tenwek, ambayo wamishenari waliianzisha mwaka 1937 kama zahanati na ikaja kuwa mahali pajulikanapo ulimwenguni kwa maradhi haya. Huko alitiwa kinywani mpira mwembamba wenye taa, na tabibu akasoma umbali wa uvimbe kwa sentimita kuanzia meno ya mbele. Hesabu huanzia meno ya juu, jambo lililo jema kwa wazee wa Kijaluo ambao meno yao sita ya chini yalikwisha kung'olewa ujanani kwa desturi. Wengi mno waliofika walikuwa wamechelewa kukatwa. Kwa hao Tenwek iliwapa stenti, mrija wa waya uliosukwa kama dema, unaoingizwa umekunjwa na kujitanua wenyewe ndani ya uvimbe. Na mtu aliyeingia akitema mate koponi aliweza kutoka siku ya pili akinywa uji. Stenti haiponyi. Lakini anayeidharau hajapata kumwona baba akimaliza kikombe kizima mbele ya watoto wake baada ya mwezi wa kiu.

Kwa wachache waliowahi, swali likawa: kisu kikate kwanza, au kitanguliwe na dawa? Kwa muda mrefu mazoea ya ulimwengu yalikuwa kukata kwanza na kutumaini. Mwaka 2006 Waingereza walitangaza matokeo ya wagonjwa 503 wa saratani ya tumbo na ya sehemu ya chini ya umio: waliopewa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kabla na baada ya upasuaji, 36 kwa mia walikuwa hai baada ya miaka mitano, na waliokatwa tu, 23 kwa mia. Mwaka 2012 Waholanzi wakaleta habari ya wagonjwa 366 wa umio na mlango wa tumbo, ambao nusu yao walitangulizwa kemo ya wiki tano pamoja na mionzi ya siku 23; nusu hiyo iliishi kwa wastani wa miezi 49, na nusu iliyokatwa bila kutangulizwa kitu, miezi 24. Sababu zake si fumbo. Dawa ikitangulia, uvimbe hunywea na kuachana na kuta za jirani, na mbegu zilizokwisha kutoroka damuni hushambuliwa mapema, wakati mwili ungali na nguvu za kustahimili. Baada ya kisu, wengi huwa dhaifu hata dozi zikawashinda. Ila mionzi iliyotajwa katika habari hiyo, kwa mtu wa Homa Bay asiye na fedha, ilimaanisha kwa miongo mingi hospitali moja ya umma, Kenyatta ya Nairobi, na foleni ya miezi. Na uvimbe wa umio hauna subira ya foleni.

Kisha ikaja zamu ya dawa zenye shabaha, ile ndoto ya Ehrlich katika vazi jipya. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walivumbua namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu, zenye kulenga kitu kimoja tu. Na kutokana na ufundi huo ikapatikana trastuzumabu, inayoshika protini iitwayo HER2 juu ya seli za baadhi ya saratani, nayo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa saratani ya matiti. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba saratani ya tumbo nayo, ile iliyoenea mwilini, hujibu ikiwa ina shabaha hiyo: katika wagonjwa waliopimwa, kama mmoja katika watano alikuwa nayo, na waliopewa dawa hiyo juu ya kemo waliishi wastani wa miezi 13.8 badala ya 11.1. Wajerumani wakasonga mbele, wakaitia kabla ya upasuaji pamoja na mwenzake pertuzumabu. Mwaka 2022 walieleza kwamba katika wagonjwa 81, wale waliopata dawa zenye shabaha, 35 kwa mia hawakukutwa na chembe ya saratani ndani ya nyama iliyokatwa, na wale wa kemo tupu 12 kwa mia, ingawa kuhara kuliwasumbua zaidi wa kwanza.

Ni habari njema, na hapa ndipo mwandishi wa habari za Nyanza anapopaswa kuwa mkweli kuliko mchangamfu. Saratani ya umio iliyo nyingi kwetu si ile. Yetu huzuka katika seli bapa zinazotandaza njia ya chakula, na yao, wale wa Ulaya na Marekani ambao dawa hizi zilipimwa kwao, aghalabu huzuka katika seli za tezi, chini kabisa ambako umio hukutana na tumbo. Mshale umechongwa kwa ustadi mkubwa, lakini umechongwa kwa mnyama mwingine. Hata huyo mnyama mwingine akionekana Migori, maana saratani ya tumbo tunayo, bei husimama mlangoni: mwaka 2025 ilibidi serikali na kampuni ya Roche zipatane ndipo dozi moja ya trastuzumabu kwa wagonjwa wa matiti ilipwe shilingi 40,000 na mamlaka ya bima ya SHA, badala ya takriban 120,000.

Uko uvimbe mmoja wa tumbo ambao dawa ya shabaha imewahi kuufikia hapa kwetu kabla ya kisu, nao huitwa GIST. Zamani ulidhaniwa ni uvimbe wa misuli, na kemo haikuugusa. Mwaka 1998 Seiichi Hirota na wenzake wa Japani walionyesha kwamba unaendeshwa na jeni moja iliyoharibika, KIT. Na mwaka 2000, huko Helsinki, mgonjwa wa kwanza akapewa imatinibu, kidonge kilichotengenezwa kwa saratani ya damu, uvimbe ukanywea. Tangu hapo imekuwa desturi ya mabingwa kwamba uvimbe mkubwa mno, ambao kuukata kungemaliza tumbo zima, hupewa kidonge cha miligramu 400 kila siku kwa miezi sita au zaidi, ndipo mpasuaji aingie akate kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii kampuni ya Novartis, kwa mkono wa Max Foundation, ilianza kuwagawia bure Wakenya wenye kustahiki kupitia kliniki ya Nairobi. Atokaye Migori alipanda basi la usiku, akachukua vidonge vyake, akarudi na usiku uliofuata, macho yamemvimba kidogo, ambayo ndiyo adha ya kawaida ya dawa hiyo.

Na kwa kumeza kidonge kila siku bila kukosa, watu wa Homa Bay hawahitaji mwalimu. Walikwisha kusomeshwa somo hilo kwa bei ya makaburi. Madaktari Wasio na Mipaka waliingia katika hospitali ya Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi bila malipo, jambo ambalo hospitali za umma za Kenya zilikuwa hazijalifanya. Kutoka hapo ulizaliwa utaratibu mzima: kadi za kliniki, wahudumu wa afya wa vijijini wanaojua nyumba ya kila mgonjwa, saa ya redio inayomkumbusha mama kumeza, desturi ya kuhesabu vidonge mbele ya muuguzi. Hata dawa zile zenyewe ni za shabaha, kila moja ikizuia kimeng'enya chake cha virusi. Wanaosema kwamba tiba za namna hii ni za miji mikubwa tu wangepita Ndhiwa siku ya kliniki.

Kilichobaki nyuma ni kipande cha nyama. Dawa yenye shabaha haitolewi mpaka shabaha ionekane, na shabaha huonekana kwa darubini, katika nyama iliyohifadhiwa kwenye formalini si chini ya saa sita wala si zaidi ya saa 72, maana ikipungua au ikizidi, rangi za maabara husema uongo. Kwa hiyo baada ya mpira wenye taa kutolewa kinywani, mtoto wa mgonjwa hukabidhiwa kichupa chenye maji ya harufu kali na vipande vya mfano wa punje za mchele vilivyozama chini, kimeandikwa kwa kalamu ya wino jina, umri, na maneno "umio, sentimita 28", akaambiwa akifikishe Kisumu au Eldoret kabla ya kesho kutwa. Hukipakata katika matatu, kifuniko kikiwa juu, akikikinga na mashimo ya barabara kama abiria wengine wanavyokinga mayai.